Daftari la pampu: Mtwara hadi Lindi kwa njia ya juu

Jumatatu, Mtwara mjini

Safari ya kukagua pampu za maji vijijini inaanza kesho alfajiri, lakini ubishi umeanza leo, hapa barazani kwa muuza vipuri. Mjomba ameniuliza: "Mpwa wangu, pampu iliyoharibika ndiyo ipi?"

Si mjomba wangu wa damu. Nusu ya mafundi pampu wa mkoa huu wanamwita hivyo kwa sababu ndiye aliyewashikisha spana ya kwanza. Swali lake linaonekana la kitoto mpaka ujaribu kulijibu. Kwa mwenyekiti wa kijiji, pampu imeharibika pale maji yanapokatika kabisa. Mama anayechota atakwambia imeharibika tangu mwezi uliopita, maana anapiga mpini mara ishirini ndipo tone la kwanza lidondoke. Na fundi akifungua akakuta mpira wa pistoni umekwisha, atasema imeharibika hata kama ndoo zinajaa. Ukienda vijijini na daftari bila kuamua unamfuata nani, utarudi na namba ambazo haziwezi kulinganishwa, kila kijiji na tafsiri yake.

Tumekubaliana hivi: safu moja ni ya "imesimama", yaani ndoo haijai hata ukeshe, na safu nyingine ni ya "imechoka". Kwa pampu ya mkono, uchovu tutaupima kwa kuiacha itulie nusu saa bila kuguswa, kisha kuhesabu mipigo mitupu kabla maji hayajatoka. Mipigo ikiwa mingi, vali ya chini inavujisha na maji yamerudi kisimani wakati pampu imepumzika. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa na uvumilivu wa waliopanga foleni.

Waliotutuma ni jumuiya kadhaa za watumiaji maji zilizochanga fedha kidogo na hazijui ziweke wapi: zinunue pampu mpya, ziweke akiba ya vipuri, au zimlipe fundi awe wa kudumu. Wengine kati yao walishaamua kimoyomoyo kwamba jibu ni pampu mpya. Pampu mpya inazinduliwa, inapigwa picha. Boksi la mipira halijawahi kukatiwa utepe.

Mjomba ana upendeleo wake pia. Yeye ni mtu wa Nira, zile pampu kutoka Ufini zilizoenea huku kupitia mradi wa maji vijijini wa Mtwara na Lindi, uliofadhiliwa na Ufini kuanzia miaka ya 1970. Nira AF-85 ina mpini wa T unaovutwa juu na kusukumwa chini moja kwa moja. Haina mnyororo, haina beringi, haina egemeo la mpini. "Kisichokuwepo hakivunjiki," anasema, na kwa hilo simbishii. Ila ni pampu ya kisima kifupi, kina cha mita 15 hivi, na kesho tunapanda uwanda wa Makonde ambako maji yako chini mno kwa pampu yake anayoipenda.

Jumanne, njia ya Nanyamba hadi Tandahimba

Msimu wa salfa, dawa ya mikorosho. Asubuhi mikorosho imevaa vumbi la njano, na kila baada ya mwendo kidogo unasikia bloa, mashine ya kuipulizia, ikinguruma shambani. Basi limetushusha, bodaboda zikatumalizia.

Kijiji cha kwanza hakina daftari la matengenezo. Cha pili kinalo, lakini limeandikwa michango tu: nani katoa, nani anadaiwa. Tarehe za pampu kusimama hazimo. Nilijua itakuwa hivyo, kwa hiyo nimebeba kalenda za miaka mitatu iliyopita, yenye minada ya korosho, Ramadhani, sikukuu na mitihani ya darasa la saba imepigiwa mstari. Mtu hakumbuki tarehe 14 ya mwezi gani, lakini anakumbuka vizuri kwamba maji yalikatika kumi la mwisho la Ramadhani na yakarudi watoto walipokuwa wamefungua shule. Kumbukumbu ya namna hiyo inakosea kwa siku chache tu. Inatosha.

Mama mtunza pampu wa kijiji cha pili alikuwa na kumbukumbu kuliko katibu wa kamati. Tulimwamkia, akatukaribisha mkekani, akaanza kuhesabu kwa vidole huku bintiye akimsahihisha. Pampu yake ni ya mkono, kongwe, aina ya Afridev, na kwa maelezo yake inasumbua kila baada ya miezi miwili hivi.

"Sasa mama, ikisumbua mnafanyaje?"

"Tunafungua, tunabadilisha mpira. Mpira ninao humu ndani, na spana ninayo."

"Inachukua muda gani?"

"Ikisimama asubuhi, jioni watu wanachota. Ikichelewa sana, kesho yake."

Afridev ilibuniwa kwa ajili ya mama kama huyu. Ilitokana na majaribio ya miaka ya 1980 yaliyosimamiwa na Benki ya Dunia na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na sehemu ya majaribio hayo ilifanyika pwani ya kusini ya Kenya, kule Kwale. Shabaha ilikuwa pampu ambayo kijiji chenyewe kinaweza kuitunza: pistoni na vali ya chini vinatolewa kupitia bomba lenyewe bila kung'oa mabomba yote, na spana moja inamaliza karibu kazi nzima.

Kijiji cha jirani kina pampu ya sola, nzuri, paneli zinang'aa. Haisumbui. Mwenyekiti alituambia kwa fahari kwamba tangu ifungwe imesimama mara chache sana. Nikamuuliza iliposimama mara ya mwisho ilikaa muda gani. Akakohoa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu, ilipelekwa Dar es Salaam. Ilikaa msimu mzima wa kupalilia.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na ladha. Nichukue namba za mviringo, kwa mfano tu. Pampu ya kwanza inasimama kila baada ya siku 60 za kazi, inatengenezwa kwa siku 1. Ya pili inasimama kila baada ya siku 300, inasubiri siku 45. Wahandisi hupima kwanza wastani wa muda kati ya hitilafu na hitilafu, na kwa kipimo hicho ya pili ni bora mara tano. Lakini kipo kipimo kingine, sehemu ya muda ambao mtambo upo tayari kutumika: siku za kazi gawanya kwa siku za kazi jumlisha siku za kusubiri. Ya kwanza inapata 60 kwa 61, yaani asilimia 98.4. Ya pili inapata 300 kwa 345, asilimia 87. Kwa mwaka, kijiji cha kwanza kinakosa maji siku 6, cha pili siku 47 na ushei. Na siku hizo zinakuja mfululizo, 45 kwa mkupuo, watu wakishuka bondeni na ndoo kichwani.

Mjomba akanisikiliza akanyamaza. Kisha akasema kwamba yeye siku zote amekuwa akisifiwa kwa pampu zisizoharibika, hajawahi kusifiwa kwa kutengeneza haraka.

Jioni, nyumba ya wageni Tandahimba, nimezigawa zile siku za kusubiri kama watu walivyonieleza: siku za kugundua na kubishana kama kweli imekufa, siku za kukusanya fedha, siku za kutafuta kipuri, siku za kumsubiri fundi, na saa za kufungua na kufunga. Saa za spana ni kidogo kabisa katika orodha nzima. Karibu muda wote unaliwa na fedha na kipuri. Ukimpa fundi mafunzo ya kufanya kazi haraka mara mbili, unaokoa nusu siku.

Jumatano, Newala

Baridi. Wageni hawaamini ukiwaambia kusini kuna baridi, mpaka wasimame Newala asubuhi ya mwezi wa saba. Tumekunywa chai ya tangawizi mara mbili kabla ya kuondoka.

Juu huku mambo ya maji ni mengine kabisa. Udongo ni mchanga, mvua inazama, mito hakuna. Wazee wanasimulia kuteremka ukingoni kufuata maji na kupanda nayo. Ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde ulianza mapema, miaka ya 1950, kwa kusukuma maji kutoka mabonde ya chini kuyapandisha kwenye uwanda. Kusukuma maji mlima kuna maana moja kwa mtu wa daftari: mlolongo wa vifaa ni mrefu, na kimoja kikikohoa wote wanasikia kiu.

Nimechora mlolongo huo kwenye karatasi nikamwonyesha msimamizi wa kituo kidogo tulichotembelea, kijana mwenye bidii, spana malaya, ile ya kurekebishwa mdomo, mfukoni. Kisima, pampu ya kuzama, umeme, bomba la kupandishia, tangi, kituo cha kuchotea. Viungo sita. Tuseme kila kimoja kinafanya kazi asilimia 95 ya muda, na kila kimoja kinakufa kwa wakati wake. Watu wengi husema mfumo mzima basi ni asilimia 95, au ni sawa na kiungo dhaifu kuliko vyote. Sivyo. Unazidisha: 0.95 mara sita kwa yenyewe ni 0.735. Zaidi ya robo ya muda hakuna maji, ingawa ukikagua kifaa kimoja kimoja utaambiwa kila kitu kiko vizuri.

Kanuni hiyo ya kuzidisha inahusishwa na Robert Lusser, mhandisi Mjerumani aliyehusika kuunda bomu la kuruka la V-1 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita alikwenda Marekani kufanya kazi kwenye makombora, akiendelea kuwasumbua wakubwa zake kwa hesabu hiyohiyo. Jeshi la Marekani nalo lilikuwa limechoshwa na vifaa vya elektroniki vilivyokufa ghalani kabla ya kufika vitani, hasa redio za zile vali za glasi za umeme, si vali za maji. Mwaka 1952 liliunda kamati ya kuchunguza kutegemeka kwa vifaa hivyo, na ripoti yake ya mwaka 1957 ndiyo iliyofanya fani hii isimame kwa miguu yake: mnunuzi aseme kwa namba anataka kifaa kidumu kiasi gani, na muuzaji akipime kabla ya kukiuza.

Kijana akauliza swali zuri. "Si tuweke pampu mbili? Moja ikifa, nyingine ipo."

Kwa hesabu, ndiyo. Pampu mbili, kila moja asilimia 90, zikifa kila moja kivyake, nafasi ya zote kuwa chini kwa pamoja ni 0.1 mara 0.1, kwa hiyo unapata asilimia 99. Lakini nikamwomba anionyeshe umeme unakotokea. Swichi moja, kebo moja, na kiboksi kimoja cha kudhibiti kilichofungwa kwenye ukuta wa bati unaotazama magharibi. Pampu ya pili ingekufa dakika ileile na ya kwanza. Mapacha wa kebo moja hawahesabiki wawili.

Kile kiboksi kwenye bati kilinikera zaidi ya yote. Ndani mna kapasita, kifaa kidogo cha kutunza chaji ya umeme, na kanuni ya kukadiria wanayoitumia mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, umri wa kapasita ya aina hiyo hupungua karibu nusu. Saa tisa alasiri bati lile haligusiki hata kwa mkono wa fundi. Kukihamishia upande wa mashariki chini ya kivuli cha makuti ni kazi ya nusu siku na misumari. Mjomba aliifanya palepale, bila kusubiri kikao, na kijana akashika ngazi. Nimeandika tarehe, ili mwakani tuone kama kulikuwa na faida au tulijichosha.

Tulipomaliza, kijana akatupeleka Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma. Mjomba alitazama kidogo, akasema kisima cha kule chini kingefaa Nira.

Alhamisi, Masasi

Vumbi la barabara ya Newala hadi Masasi nitalielezea siku nyingine. Mgongo bado unalalamika.

Leo ilikuwa siku ya maduka. Nilitaka kuona vipuri vinavyouzwa, kwa sababu katika daftari limejitokeza jambo: pampu nyingi hazifi kwa uzee. Zinafunguliwa, zinatengenezwa, zinafungwa, na baada ya wiki mbili tatu zinasimama tena. Kisha zikivuka hapo, zinatulia muda mrefu.

Wahandisi huuchora uhai wa kifaa kama beseni likitazamwa kwa ubavu: ukuta wa kushoto ni vifo vya utotoni, sakafu ni miaka ya utulivu ambapo kifaa hufa kwa bahati mbaya tu, na ukuta wa kulia ni uzee. Mswidi Waloddi Weibull alichapisha mwaka 1951 mlingano ambao kwa namba moja tu unakwambia uko sehemu gani ya beseni. Namba hiyo ikiwa chini ya 1, vifaa vinakufa utotoni. Ikiwa 1, umri hauna neno, kipya na cha zamani wana hatari sawa. Ikizidi 1, ni uchakavu. Faida yake kwa fundi ni kwamba kila jibu lina dawa yake, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Mjomba ana desturi ya kubadilisha kila kitu kila mwaka, kizima na kibovu, "ili tusilale na wasiwasi." Tulibishana hilo kwenye mgahawa, mezani kuna ugali na samaki, mpaka mwenye mgahawa akasogea kusikiliza. Kwa mpira wa pistoni na bushi za plastiki za mpini, Mjomba ana haki. Hivyo vinasuguana, vinalika, umri wake unajulikana, na miongozo ya Afridev yenyewe inashauri vibadilishwe kila mwaka kabla havijakwisha. Lakini inveta? Kontakta, swichi ya kuwashia mota, inayofanya kazi vizuri? Ukiitoa inayofanya kazi ukaweka mpya, umeiondoa kwenye sakafu ya beseni na kuirudisha ukuta wa kushoto. Umelipa fedha ili kununua hatari.

Nilimweleza kisa cha ndege. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la United Airlines, walitoa ripoti kuhusu vipuri vya ndege. Wakati huo imani ilikuwa kwamba kila kitu kina umri wake na kikifika kitolewe. Walichokuta ni kwamba asilimia 11 tu ya vifaa walivyochunguza vilionyesha dalili ya kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa mwanzoni, kisha vikatulia.

"Hao wana ndege," akasema Mjomba. "Mimi nina mipira ya dukani."

Na hapo alinishinda, kwa sababu tulipoingia madukani tulikuta mipira ya namna mbili: mmoja mzito, unapinda na kurudi, mwingine mwepesi, unanuka kiatu kipya, na ukiukunja unabaki na kovu. Bei ya pili ni chini ya nusu. Muuzaji alikuwa mkweli: "Huu unatoka sana, kaka. Huo wa ghali unakaa." Mipira mepesi ndiyo inayojaza ukuta wa kushoto wa beseni letu. Hakuna mlingano unaohitajika. Unahitajika mtu wa kukunja mpira kabla ya kulipa. Tumeweka kanuni: mpira upinde, uachiwe, utazamwe kovu. Mama yule wa njia ya Nanyamba, nikikumbuka vizuri, alikuwa akifanya hivyo kwa meno.

Jambo jingine la leo, fupi. Uchakavu wa pampu haufuati kalenda. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250 ndani ya mita 400. Pale ambapo vituo vingine vimekufa, kilichobaki kinabeba mzigo wa vyote, na mpira wake unazeeka kwa kasi ya foleni. Gari tunalihesabia kilomita, ndege saa za angani. Pampu ya mkono ingefaa kuhesabiwa kwa ndoo. Kwenye vituo vinavyolipisha kwa ndoo hesabu hiyo tayari ipo kwenye daftari la fedha, imekaa tu, hakuna aliyeifikiria kuwa ni kipimo cha mpira.

Ijumaa, Nachingwea

Siku fupi. Mjomba alikwenda msikitini, nami nikazunguka mji.

Nachingwea ni mahali pazuri pa kufikiria mashine zisizo na vipuri. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ulikuwa na eneo hapa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yakinunuliwa yakiwa yametumika huko Ufilipino, na mengine yalikuwa vifaru vilivyogeuzwa. Karakana na vipuri vilikuja nyuma ya mashine badala ya mbele yake, na udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, vyuma vikaisha. Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku. Karanga hazikuja. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ipo, inapakia korosho.

Kijiji tulichopita jioni kilikuwa na pampu tatu, zote zimesimama, zote za aina tofauti, kila moja imeletwa na mfadhili wake. Vipuri vya moja haviingii kwa nyingine. Mjomba alizunguka akizigonga kwa spana. "Zingekuwa aina moja," alisema, "leo ningekufanyia moja nzima kutokana na hizi tatu, kabla ya magharibi."

Jumamosi, Mnazi Mmoja hadi Lindi

Basi lilitushusha Mnazi Mmoja, tukala pweza, tukapata gari la Lindi. Mchana wote tumeketi chumbani tunajumlisha, feni ikizunguka, bahari inasikika.

Swali la kwanza: pampu ambayo haijasimama hata mara moja tangu ifungwe tuiweke wapi? Mjomba alitaka tuiruke, "haina hitilafu, tutaigawanya kwa nini?" Lakini ukiziruka hizo, unabaki na pampu mbovu peke yake na wastani unadidimia bure. Njia ni kujumlisha siku za kazi za pampu zote, zilizosimama na zisizosimama, kisha kugawanya kwa idadi ya kusimama. Pampu tano zikifanya kazi siku 1,500 kwa pamoja na kusimama mara 6, wastani ni siku 250, hata kama mbili kati yake hazikuwahi kuguswa. Na kama kundi zima halijasimama hata mara moja? Gawanya siku zote kwa 3, hiyo ndiyo namba ya chini unayoweza kuidai kwa uhakika wa asilimia 95. Siku 300 bila hitilafu zinakupa haki ya kusema "angalau siku 100," na si zaidi.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Tumezitembelea pampu zenye watunzaji, kwa sababu ndizo zenye watu wa kuhojiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanatakwimu Abraham Wald alichambua takwimu za matundu ya risasi kwenye ndege za kivita zilizorudi. Mantiki yake ilikuwa kwamba bati liongezwe pale ambapo ndege zilizorudi hazina matundu, kwa sababu zilizopigwa pale hazikurudi. Daftari letu ni la ndege zilizorudi. Visima vilivyotelekezwa miaka mingi iliyopita, vyenye nguzo tu iliyobaki imezungukwa na majani, havina mama wa kutusimulia. Kwa hiyo nimefungua ukurasa wa visima hivyo, nikaandika tulivyoviona kwa macho, na tumekubaliana kutovichanganya na wastani. Ukurasa huo ni mrefu kuliko nilivyopenda.

Ubishi wa mwisho ulihusu wizi. Kijiji kimoja kilipoteza paneli usiku, maji yakakatika wiki kadhaa. Mjomba akasema huo si uharibifu wa pampu, ni kazi ya polisi, na kuuandika ni kuisingizia mashine. Mimi nikasema mama mwenye ndoo hana habari na tofauti hiyo. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Hatimaye tumeuandika kwenye safu ya siku za kukosa maji, na sababu yake kwenye safu ya peke yake, ili anayetaka kuisifu mashine aisifu na anayetaka kuweka mlinzi ajue anaokoa siku ngapi.

Magharibi nimewapigia simu waliotutuma nikawasomea jedwali. Katibu aliuliza mara mbili kama nina hakika kwamba hakuna pampu mpya kwenye mapendekezo. Nikamwambia zipo mbili, kwa visima vilivyotelekezwa, na ziwe za aina ambayo vipuri vyake tayari vinauzwa Masasi. Zilizobaki ni maboksi: mipira mizito, bushi, vali za chini, na inveta moja ya akiba ya kukaa Newala badala ya kusubiri Dar es Salaam, ambayo vijiji vitachangia kwa pamoja. Funguo za maboksi wakae nazo watunza pampu, zisiwe kwa kamati.

Kukawa na kimya kidogo upande wa pili, kisha akauliza nani atakuwa wa kwanza. Mjomba akaninyang'anya simu. "Anza na njia ya Nanyamba, mwanangu. Yule mama anajua kukunja mpira. Halafu nitumie nauli, hilo la Newala nitalipeleka mwenyewe."